Brandon, makombe ya pwani na mafumbo ya Wamarekani

Hivi mnamkumbuka Brandon Brown? Dereva wa magari ya mbio, Oktoba 2021 alishinda mashindano yake ya kwanza pale Talladega, Alabama, anahojiwa laivu na televisheni ya NBC huku nyuma mashabiki wanamporomoshea Joe Biden tusi la nguoni, mtangazaji akasema eti wanaimba "Let's go Brandon". Basi ikawa hiyo hiyo, ukisema "Let's go Brandon" (twende Brandon) unamtukana Biden. Tisheti, kofia, stika za magari, mpaka mbunge wa Republican akafungia nayo hotuba ndani ya Congress, tusi kila mtu analijua ila hakuna aliyelitamka.

Kinachonichekesha, Marekani tusi lenyewe wala sio kosa. Mwaka 1971 Supreme Court, mahakama yao ya juu kabisa, ilimfutia hatia jamaa aliyeingia mahakamani Los Angeles na jaketi limeandikwa tusi hilo hilo kupinga kuandikishwa jeshini. Sasa fumbo la nini? Ni kwamba anayekubana sio serikali peke yake, kuna TV, kuna bosi, kuna mama mkwe mezani, na fumbo linapenya kote huko kama jina la kanga, mlengwa kaelewa na we unasema mimi nimevaa nguo yangu tu jamani.

Aliyeumia ni Brandon mwenyewe, wadhamini wakaanza kumkwepa. Biden watu wake waliligeuza wakamwita Dark Brandon (Brandon wa giza), na 2023 kwenye dina ya waandishi wa White House akavaa miwani myeusi akacheka nao. Safi kabisa, fumbo hujibiwa kwa fumbo.

Ila Mei 2025 James Comey, bosi wa zamani wa FBI, shirika la upelelezi, kaposti picha ya makombe ya pwani, yale magamba ya baharini, yamepangwa "86 47". 86 kule ni lugha ya wahudumu wa mgahawa, chakula kimeisha au mteja atolewe nje, 47 ndo Trump, rais wa 47. Upande wa Trump wakasema anaagiza rais auawe, Comey akafuta, bado Secret Service, walinzi wa rais, wakamhoji. Enzi za Biden, rais wa 46, tisheti za "86 46" ziliuzwa mitandaoni na sikumbuki kelele hizi.

Mwaka 1966 kijana wa miaka 18 alisema kwenye mkutano Washington kwamba wakimshikisha bunduki wa kwanza kumlenga atakuwa rais Johnson, akatiwa hatiani, 1969 Supreme Court ikaitupa hukumu, ikasema ni siasa iliyotiwa chumvi. Na huyo alitaja bunduki kabisa! Comey anasema hakujua kuna watu wanahusisha zile namba na vurugu, mi hapo simwamini sana, ila kuhojiwa kwa ajili ya makombe? Hapana aisee.