Sikuponywa, Ilikuwa Kiwi

Kwanza, mzee hakuzimia. Naanzia hapo kwa sababu najua mmeshamsikia Mkatoliki, na habari ikipita mikononi mwa Mkatoliki lazima itoke na kilo zaidi. Hakuna aliyekemea pepo. Mimi sikurukia dirishani. Nilitoka kwa mlango, viatu mkononi. Hayo mengine ni kweli, kwa hiyo bora myasikie kwangu.

Mnaopita pale mpakani Busia, upande wetu wa Uganda, mnakijua kibaraza cha kungojea makaratasi ya malori. Forodha ikikwama, sisi tunafungua Biblia. Tuko wanne: Msabato anayebadilisha pesa, Mkatoliki, Mlokole, na mimi Mprotestanti niliyebatizwa ningali nanyonya. Ijumaa ile tulikuwa Yohana 13, Yesu anawatawadha wanafunzi miguu. Msabato akasema imeandikwa tutawadhane, basi wao wanatawadhana. Tena mjane wa 1 Timotheo 5:10 anasifiwa kwa kuwaosha watakatifu miguu, kwa hiyo kanisa la kwanza lilifanya. Mkatoliki akasema kwao ni Alhamisi Kuu, padri ndiye anayeosha, na mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko aliruhusu hata wanawake wawemo. Mlokole akasema yeye ameoshwa kwa damu, beseni la nini tena?

Mimi nikasimama. Nilisimama kabisa, kikombe cha chai mkononi. Nikawafundisha kwamba nchi ile ilikuwa ya vumbi na makubazi, kuosha miguu ya wageni ilikuwa kazi ya mtumwa, na Bwana alikuwa anasema habari za moyo. "Mguu," nikamalizia, "hauna lolote la kumweleza Mungu."

Sentensi hiyo ishikeni. Mkatoliki ameishika.

Msabato hakukasirika. Akasema tu kwamba kesho mtoto wake anawekwa wakfu kanisani, twende. (Kwao mtoto anaombewa, ubatizo unamngoja akue aelewe. Hilo tulishalibishania mpaka chai ikaganda.) Hakusema kwamba kesho hiyohiyo ni Meza ya Bwana. Anadai alisahau. Nawaachia nyinyi.

Sasa soksi.

Soksi nyeusi za heshima ninazo jozi moja, na visigino vyake vilishatoboka, tundu limepanda mpaka juu ya kiatu. Asubuhi ile maduka bado. Nikachukua kiwi nyeusi, nikapaka ngozi pale penye tundu. Msijifanye hamjawahi. Mtu akisimama hatua mbili haoni kitu. Nikaona kazi inapendeza, nikarudia mara ya pili, nikapiga na brashi.

Shule ya Sabato ikaenda vizuri, mtoto akaombewa, hata hakulia. Kisha mchungaji akatangaza: kabla ya mkate na zabibu, tutawadhane. Akina mama chumba kile, wanaume hapa, na wageni mnakaribishwa. Mkatoliki akasema kistaarabu kwamba yeye atakaa atazame. Hapo ndipo aliponizidi akili. Mimi bado nautafuta mlango kwa macho, mzee mmoja wa kanisa akanishika mkono.

"Njoo, kijana wangu. Leo wewe nitakuosha mimi."

Ungejibu nini? Petro mwenyewe alijaribu kukataa, na mnajua aliambiwaje.

Nikaketi. Mzee akajifunga taulo jeupe pee, akapiga magoti, goti moja likalia. Akafungua kamba za kiatu cha kulia, moja moja, bila haraka. Akashika soksi kwa ncha. Akavuta.

Soksi ikatoka. Tundu likabaki mguuni.

Mzee akalitazama. Akavua ya kushoto. Tundu la kushoto nalo likabaki. Miviringo miwili myeusi, inang'aa.

"Uliumia, mwanangu?"

Nilitaka kusema kweli. Mdomo ukasema, "Kidogo, mzee."

Basi akaingiwa na huruma. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kuna mtu mwema aliyeyapasha. Akautia mguu wa kulia kwenye beseni, akakishika kisigino kwa viganja viwili, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti. "Bwana, mguse ndugu huyu. Liondoe giza hili." Akiomba, anasugua. Akisugua, linaondoka. Wanaume wa mabeseni ya jirani wakageuka. Mmoja akasema, "Amina!" Mwingine akasema, "Linatoka!" Nikamtazama Mkatoliki kwenye benchi: amejaza leso mdomoni.

Na mimi niliomba. Niliomba mzee asifumbue macho.

Akafumbua. Akaona kisigino kimetakata, na uso wake ukajaa furaha ambayo mpaka leo inanichoma. Kisha akaona maji. Meusi, na juu mafutamafuta yanaelea. Akageuza viganja akaviangalia. Akavipandisha taratibu mpaka puani. Akanusa.

Ambalo sikulijua ni kwamba mzee ni askari mstaafu.

"Kiwi," akasema, kwa sauti ya gwaride. Chumba kizima kikasikia. Kisha akaniinamia, akanong'ona: "Sisi kambini tulikuwa tunapaka kiatu."

Mguu wa pili aliuosha bila kuomba.

Ikafika zamu yangu. Miguu ya mzee ilikuwa safi kuliko uso wangu. Nikamtawadha, na kiwi iliyokuwa imehamia vidoleni mwangu ikahamia kwenye suruali yake ya kaki, vidole vyote vitano. Desturi yao ni kuombeana mkishamaliza. Akaniombea kazi, akaniombea ndoa, na nilisikia vizuri kabisa, akaombea na "mavazi yake, Bwana, unayajua." Mengine siyakumbuki: mkate, zabibu, matoke ya mchana, watoto wananikodolea visigino. Mkatoliki alifika kibarazani kabla yangu, kwa bodaboda, nauli ametoa yeye, mtu anayenidai nimlipie hata chapati.

Jana lori limekwama tena na tumeingia kwenye ubatizo. Msabato na Mlokole, kwa mara ya kwanza tangu niwajue, wako upande mmoja: kuzamishwa, mtu aende chini mzimamzima. Nikajikaza. Nikasema kwetu kumiminiwa maji kichwani kunatosha, na kwa Wakatoliki vilevile, muulizeni huyu.

Msabato hakunifungulia andiko. Aliinama tu, akatazama viatu vyangu.

Nikamgeukia Mkatoliki aniokoe. Akakohoa, akasema, "Kwa Kanisa langu, kumiminiwa kunatosha. Lakini huyu mzamisheni."