Ngozi ya Gideoni na Noah ya shemeji

Mtu anayemwomba Mungu ishara huku ameshalipa rubuni haombi ishara, anadai risiti. Lakini Julai ile, jirani na Isyonje, pale njia ya Kitulo inapoachana na barabara ya Tukuyu, habari ya rubuni mimi sikuwa nayo. Nilichoambiwa ni kwamba mdogo wake mke wangu anataka kununua gari, Noah ya abiria, na kwamba mimi, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, nilale kwake niwe shahidi.

"Shemeji, sitaki kujiamulia," akasema. "Natandika ngozi kama Gideoni. Ikilowa, nanunua."

Ngozi yenyewe ilitoka kwa kondoo wa harusi, imepakwa chumvi juzi tu, na mbwa wa kitongoji kizima walikuwa na habari zake.

Nikamfungulia Waamuzi 6. Gideoni hakuwa akiuliza aende vitani au asiende. Aende alishaambiwa, tena waziwazi. Kilichompungukia ni moyo, si jibu. Na aliomba mara mbili. Kwanza ngozi ilowe na ardhi ikauke, akakamua maji ya kujaza bakuli. Halafu akaomba kinyume chake, na hapo ndipo penye kazi. Sufu hushika hewa ndani yake, joto la udongo likashindwa kupenya. Mbingu zikiwa wazi usiku, ncha za sufu hupoa kuliko ardhi, na umande hupenda kutua penye baridi. Ngozi kulowa inaweza kumtokea yeyote mwenye kondoo. Ngozi ikauke na uwanja wote ulowe, hiyo ndiyo ishara. Isitoshe, kwetu Julai ni ukungu, hata kuni za jikoni huamka na maji.

"Basi tuanze na ile ya kwanza," akasema shemeji.

Nikamuuliza: fundi ameshaisikiliza injini? Kadi ya gari ina jina la huyo anayeuza? Leseni ya LATRA ya kubeba abiria umeiulizia? Mkopo wa VICOBA utarejeshwa na nini gari likilala gereji mwezi mzima? Akanijibu kwamba hayo ni mambo ya mwili. Mimi naona jambo linaloweza kujulikana kwa kumuuliza fundi, Mungu ameshalijibu kwa kuumba fundi.

Sala nayo ina utaratibu. Haja uitaje kwa jina lake, bila kuivisha joho: Bwana, naitaka gari hii, na nataka majirani wanione nikiiendesha. Yakobo 4:3 inasema wapo wanaoomba wasipate kwa sababu wanaombea tamaa zao, na tamaa iliyofichwa ndani ya maneno matakatifu hata mwenyewe hutaiona. Yesu kule Gethsemane hakuficha; alisema kikombe kimwepuke, ndipo akaongeza "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe". Na hakusema mara moja akainuka, alirudia mara tatu. Sasa ukishaomba, kaa siku kadhaa kana kwamba umeambiwa hapana. Ukijikuta unanuna, unamkwepa hata mchungaji, ujue gari limeshakaa kiti ambacho si chake.

Shemeji aliitikia "amina" akiwa tayari yuko nje anatafuta pa kutandika.

Asubuhi kila kitu kilikuwa chapachapa: ngozi, uwanja, viatu vyangu. "Amesema ndiyo mara mbili," akatangaza. Nikakataa kushuhudia. Jioni akahamishia ngozi ukingoni mwa paa, udongo mkavu upande huu na huu, na juu yake mkunjo wa bati unaodondosha matone ya umande usiku kucha. Mtu akitaka ndiyo, huwa fundi bomba.

Usiku wa manane nikasikia ngozi inaburutwa. Nikatoka na shati tu. Mbwa ameishika, nikavuta, akavuta, tukazunguka shimo la taka kwa mvutano wa haki, mpaka akaachia na mimi nikaanguka chali kwenye viazi vya jirani. Ngozi nzito, imelowa, nikaona njia rahisi ya kuirudisha ni kuitupia mabegani.

Hapo ndipo tochi zilipowaka.

Sasa jiweke mahali pa majirani: saa nane usiku, katikati ya shamba, mzee wa kanisa amevaa ngozi, anahema. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Balozi wa nyumba kumi akasogea, akanimulika kuanzia miguuni, akanisalimu Kinyakyusa kwa adabu zote, "Ugonile, mzee."

Nikasema nimelala salama.

"Na hiyo?"

"Tunamuuliza Mungu habari ya Noah."

Balozi akashusha tochi. "Noah ipi? Ile ya bluu? Mbona rubuni alitoa Jumatatu? Mimi ndiye niliyesaini ushahidi."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Akarudi ndani taratibu, akafunga.

Fundi alipoitwa hatimaye, alikuta mafuta ya injini yana rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia, gasketi ya kichwa imekwisha. Muuzaji alirudisha nusu.

Kikao cha wazee cha mwezi ule kilinihoji kwa dakika chache. Katibu aliandika chini ya Mengineyo: "Mzee alikutwa usiku na ngozi. Maelezo yamepokelewa. Ngozi irudishwe kwa mwenyewe."