Taa haimtoi mtu kwenye kangomba

Nikienda kwa wakwe zangu Tandahimba, simu naiacha kibandani kwa kijana mwenye sola. Anaibandika kipande cha plasta chenye namba. Safari iliyopita nilikuwa 14. Pembeni pana mashine ya kusaga, na siku hiyo ilikuwa kimya: dizeli imekwisha, bodaboda aliyefuata dumu hajarudi. Kina mama wamekaa na ndoo zao za makopa, mihogo mikavu ya kusaga. "Leo tutalalia mihogo ya kuchemsha, mwanangu," mmoja akaniambia.

Watu wakisifia gridi ndogo za sola, mitambo inayosambaza umeme kijijini, huanza na taa. Watoto wasome usiku, kibatari kitupwe. Sawa, lakini taa haileti hela. Tena umeme wa usiku ndio wenye gharama, kwa sababu unapitia kwenye betri, na betri inakula mtaji kisha inachoka mapema kuliko paneli. Umeme wa saa sita mchana, jua la utosi, unatoka kwenye paneli ukaingia kwenye mota. Kwa hiyo mashine ya makopa ndiyo ilipaswa kuwa mteja wa kwanza.

Huku kwetu hela huja kwa msimu, minada ya korosho ikianza Oktoba. Mwezi wa saba mfuko umekauka, mtoto anadaiwa sare, na hapo ndipo mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, anapiga hodi. Anazinunua korosho zingali maua, kwa bei ya kutupa. Anayeuza barafu kila siku, au anayechomelea mageti, kwa umeme huo wa mchana, ana jeuri ya kumwambia apite.

Mtaniuliza bei. TANESCO mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi; gridi ndogo ya mtu binafsi haiwezi kushuka hadi bei hiyo bila ruzuku. (Gesi ya Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, tumeipeleka Dar es Salaam kwa bomba tangu 2015, ruzuku kidogo isitutoe jasho.) Ila sehemu ya ruzuku hiyo iende kwenye mota na majokofu, kwa mkopo unaolipwa wakati wa mnada. Ukimpa mtu nguzo na taa tatu, usishangae hanunui uniti.

Baba mkwe mwaka jana aliuza magunia mawili kwa kangomba. Tulihesabu hasara yake pamoja, usiku, chini ya taa yake ya sola, na inawaka vizuri kweli.