Machine Head ya Deep Purple: sifa wapeni korido, sio moto

Kila mtu akianza kuongelea Machine Head, albamu ya bendi ya roki ya Uingereza Deep Purple, anaanza na moto, na sawa, stori ya moto ni tamu. Desemba 4, 1971, Montreux, Uswisi, mwanamuziki wa roki wa Marekani Frank Zappa yuko stejini kwenye kasino, jamaa mmoja kwenye umati akafyatua bastola ya fataki kuelekea juu darini, jengo zima likateketea. Hakufa mtu, ashukuriwe Mungu. Deep Purple walikuwa wameshafika mjini maana mpango ulikuwa warekodi humohumo kasino baada ya hiyo shoo, na walishakodi lile lori la bendi ya Rolling Stones lenye mitambo ya kurekodi ndani yake, sasa lori lipo, pa kupigia hapana.

Claude Nobs, mwanzilishi wa tamasha la jazz la Montreux, ndo akawatafutia ukumbi mwingine, Pavillon. Huko wakapiga usiku kwa sauti yao ileile ya kupasua masikio, majirani wakaita polisi, na inasemekana vijana wa vyombo walishikilia mlango huku polisi wanagonga ili bendi imalize muziki wa wimbo wa Smoke on the Water. Wakafukuzwa.

Sasa hapa ndo watu wanaparuka haraka, na kwangu mimi hapa ndo albamu ilipozaliwa. Wakaishia Grand Hotel, hoteli imefungwa sababu ya msimu wa baridi, tupu kabisa, wakapanga vyombo kwenye korido na kuziba kuta kwa magodoro. Lori liko nje. Ukitaka kwenda kusikia ulichorekodi unapita chumba hiki, unatoka kwenye balkoni, unaingia chumba kile, unashuka mpaka nje kwenye baridi, halafu urudi njia ileile. Wakachoka bana! Ikawa wakimaliza kupiga wanaangaliana tu, imekaa poa? imekaa, twende nyingine. Wakamwachia fundi wa sauti Martin Birch kule kwenye lori, yule aliyekuja baadaye kuwa prodyuza wa bendi ya Iron Maiden, na wiki mbili na kidogo kazi ikawa imeisha.

Utaniambia solo ya gitaa ya Highway Star haikuokotwa pale koridoni, mpiga gitaa Ritchie Blackmore aliipanga mapema na wimbo wenyewe walishaupiga kwenye shoo kabla. Ndio, na hiyo ndo pointi yangu, jasho lilitoka kabla ya kurekodi na sio baada, tofauti na siku hizi mtu anaingia studio hajui hata anaimba nini halafu anakaa miezi anakata na kuunga kwenye kompyuta mpaka wimbo unakosa damu. Sikiliza wimbo wa Lazy kwa hedifoni nzuri, ile ogani ya Hammond ya Jon Lord imepitishwa kwenye amplifaya za Marshall kama gitaa, inanguruma, Ian Paice nyuma kwenye drams anaswingi kama mpiga jazz, yaani unasikia watu watano wanasikilizana, hakuna anayesubiri kurekebishiwa.

Ila kwenye kuchagua nyimbo, mh, hapo jamaa walichemka. Singo waliyoitegemea ilikuwa Never Before, ambayo leo nani anaikumbuka? Smoke on the Water hawakuipa uzito, albamu imetoka Machi 1972 lakini wimbo ukaja kutolewa singo Marekani 1973 na kupanda mpaka namba 4. Na kinachoniuma zaidi ni When a Blind Man Cries, mwimbaji wao Ian Gillan kaimba pale kwa utulivu mpaka unasisimka, wakaiondoa kwenye albamu eti Blackmore haipendi, wakaitupa upande wa pili wa santuri ya hiyohiyo Never Before. Toleo la 1997 waliirudisha kama nyongeza mwishoni, lakini mwishoni sio mahali pake. Kwenye pleilisti yangu nimeiweka katikati ya Lazy na Space Truckin', na Never Before nimeifuta.