Asilimia 68 ya nini? Kupima miradi ya ujenzi Mwanza

Kuna bango la mradi nililokuwa nikilipita kila siku nikielekea Buhongwa. Mstari wa "tarehe ya kukamilika" ulikuwa umepakwa rangi nyeupe mara mbili, na tarehe mpya kuandikwa juu yake kwa mkono tofauti na ule ulioandika mistari mingine. Siku ya ziara viongozi wakafika, msimamizi akafungua faili na kusoma: "Mheshimiwa, mradi umefikia asilimia 68." Makofi yakapigwa, msafara ukaondoka. Hakuna aliyeuliza ni asilimia 68 ya nini.

Swali hilo si la kutafuta ugomvi. Namba hiyo inaweza kuwa thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika ukilinganisha na bei ya mkataba. Wengine huchanganya humo vifaa vilivyofika saiti, hivyo nondo zilizolala chini ya turubai zikahesabika kama sehemu ya jengo. Na wapo, tusifichane, wanaokadiria kwa macho. Miradi miwili yenye asilimia 68 inaweza isifanane kwa lolote.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema namba hizi ni mapambo ya ziara. Mradi usiopimwa huripotiwa kwa sentensi moja tu, "kazi inaendelea vizuri", na sentensi hiyo haina pa kubanwa. Vigezo vitatu vya zamani, yaani muda, gharama na ubora, vina faida kwamba hata diwani asiye mhandisi anaweza kuvitumia: ulisema miezi 10, huu ni wa 15, eleza. Zege nalo halidanganyi kirahisi. Vipande vyake vinapelekwa maabara vikavunjwe vikiwa na siku 7, kisha siku 28, na jibu linatoka kwa namba. Mkandarasi mzuri anapaswa kuupenda utaratibu huu, maana ndio unaomtenga na yule aliyechukua malipo ya awali kwa kazi ya Nyamagana akayapeleka kwenye deni lake la mkoa mwingine, huku katapila moja likizungushwa saiti tatu.

Tatizo linaanza tunapofika kwenye sababu, na hapa Mwanza sababu mara nyingi ni jiwe. Mchanganuo wa gharama unasema "kuchimba msingi, udongo wa kawaida". Mafundi wanashuka nusu mita, sururu inatoa cheche. Kuchimba mwamba kuna bei yake, na ni kubwa kuliko ya udongo, hivyo mkataba unabadilishwa na gharama inapanda. Kwenye ripoti itasomeka "mradi umezidi bajeti", na jicho la kila mtu litamgeukia mkandarasi. Lakini katika mji ambao mawe yamekaa juu ya mawe hadi ziwani, aliyeandika "udongo wa kawaida" bila kuchimba mashimo ya majaribio ni nani? Kosa lilifanyika mezani kabla mkandarasi hajapatikana, na hakuna kipimo tunachotumia kinachofika mezani hapo.

Chukua mfano mkubwa kuliko yote ukanda huu, Daraja la Kigongo–Busisi. Ujenzi ulianza Februari 2020 kwa matarajio ya kumalizika Februari 2024, na likafunguliwa Juni 2025. Miezi 48 ikawa kama 64, yaani theluthi moja zaidi. Ukilipima kwa kalenda, limefeli. Ukilipima kwa abiria wa basi la Sengerema, aliyekuwa akishuka kusubiri kivuko na sasa anavuka kilomita 3 kwa dakika chache akiwa kitini, utaonekana kichekesho ukitaja neno kufeli. Kumbuka pia kazi hiyo ilianza mwaka wa korona, na mwaka huohuo maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kuvuka rekodi ya 1964.

Hapo ndipo wengi husema: basi tupime matokeo, tuachane na kalenda. Mimi nasita. Daraja zuri linasamehewa kila kitu siku ya kukata utepe, na msamaha huo ukizoeleka utatumika pia kwa kituo cha afya kilichochelewa miaka miwili kwa uzembe mtupu. Miezi 16 ya daraja ilipaswa kugawanywa hadharani: mingapi ya ziwa, mingapi ya ugonjwa, mingapi ya mkandarasi, mingapi ya mlipaji.

Mlipaji ndiye hasa anayekosekana kwenye vipimo vyetu. Tuseme mkataba ni wa shilingi milioni 600 kwa miezi 10. Mwezi wa sita, kazi iliyopangwa ni ya milioni 360, iliyofanyika ni ya milioni 300, na iliyolipwa ni milioni 150. Taarifa ya ziara itasema asilimia 50, na mkandarasi atafokewa kwa kuwa nyuma ya ratiba. Namba ya tatu haitasomwa, ingawa ndiyo inayoeleza kwa nini vibarua wamepungua na saruji inanunuliwa kwa mkopo dukani. Mkataba una siku zake za kulipa baada ya hati ya malipo kuidhinishwa, na zikipita riba inaanza kuhesabika. Ripoti za CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimekuwa zikitaja riba hizi mwaka baada ya mwaka.

Bei nazo hudanganya kwa namna yake. Mwaka 2021, madarasa ya fedha za UVIKO yalipangiwa shilingi milioni 20 kila moja, nchi nzima, mengi yakijengwa kwa fosi akaunti, yaani kwa mafundi wa mtaani na kamati ya shule. Ni kipimo chepesi kulinganisha, na kiliziba mianya mingi. Ila mfuko wa saruji unaokwenda kisiwa cha Ukara unapakiwa, unapakuliwa na kupakiwa tena kwenye boti, wakati shule ya Nyegezi inashushiwa mlangoni. Na mama waliobeba ndoo za maji ya kuchanganyia zege hawamo kwenye hesabu. Darasa likaonekana rahisi kwa sababu sehemu ya bei yake ililipwa kwa shingo za watu.

Ningekuwa na uwezo, bango lingekuwa na safu tatu: muda uliopita, kazi iliyofanyika, fedha zilizolipwa, zikiandikwa upya kila mwezi. Nilimweleza hivyo mkadiriaji majenzi mmoja tunayefahamiana, tukiwa tumekaa kwa mama ntilie nyuma ya saiti. Alimaliza kwanza kuchambua miiba ya sato wake.

"Kaka," akasema, "rangi ya bango inatoka kwenye fedha za mradi. Nani atasaini hati ya kununua rangi ya kuandikia deni lake mwenyewe?"