Markó hakutudanganya na ule upinde wa mvua

Jamani hii picha mi naipenda na ntaitetea hadi mwisho. Ni mandhari ya Italia yenye daraja refu la matao na upinde wa mvua, kaichora Károly Markó (yule mzee, maana ana mtoto mchoraji wa jina hilohilo) mwaka 1838, iko Budapest kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Taifa. Kila nikiwaonyesha watu naambiwa yaleyale, eti imetiwa sukari, Italia ya hivyo haijawahi kuwepo.

Sawa haijawahi kuwepo, kwani nani kasema ipo? Huyu bwana kabla hajawa mchoraji alikuwa mpima ardhi huko kwao Hungaria, hadi mwaka 1818, yaani kazi yake ilikuwa kujua kilima kinaanzia wapi na mto unakata kona wapi, kwa hiyo akikihamisha kilima kwenye picha ujue hajakosea, kaamua. Alifuata njia ya Claude Lorrain, yule Mfaransa wa karne ya 17 aliyeishi Roma: unatoka nje unachora miti na magofu kama yalivyo, halafu ukirudi ndani unayapanga, mti mweusi pembeni kama mwimo wa mlango, maji katikati, milima nyuma inafifia mpaka inakuwa bluu nyepesi. Mi nimezumu kwenye simu nikaona vile majani ya mbele yamechorwa moja moja na kwa mbali rangi inayeyuka kama moshi, hiyo si sukari, hiyo ni subira.

Halafu kuna kitu watu wanakipita. Markó alihamia Italia 1832 na akafia huko karibu na Florence 1860, ila mwaka 1853 alirudi kwao kutembea, na mwaka huohuo akachora tambarare ya Hungaria. Hakuna mlima wala gofu wala tao, ni nyasi na anga tu na kile kisima chao, nguzo imesimama na mti mrefu umelazwa juu yake, ukivuta upande mmoja ndoo inazama. Na mwanga aliokimwagia hicho kisima cha wachunga ng'ombe ni uleule aliokuwa anaumwagia Italia, hakupunguza hata kidogo.

Ziwekeni hizo mbili pamoja kwenye skrini, muangalie anga tu kwanza.