Mwandishi wa wilayani analipwa na nani?

Tukianza kuzungumzia vyombo vya habari na siasa za nchi yetu, mazungumzo hayatoki Dodoma na Dar es Salaam. Tutakumbushana Februari 7, 2008, Edward Lowassa alipolieleza Bunge kwamba ameandika barua ya kuomba kujiuzulu uwaziri mkuu kwa sababu ya ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond. Tutakumbushana sakata la fedha za akaunti ya Escrow, Novemba 2014, baa na saluni zilipozima muziki ili watu wawasikilize wabunge. Kisha tutalalamika kuhusu Januari 2016, Serikali iliposema TBC, televisheni ya taifa, haitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge mubashara kwa sababu ya gharama.

Sibezi hata moja kati ya hayo. Lakini mwananchi wa kawaida hakutani na Bunge. Anakutana na mtendaji wa kata, na mkusanya ushuru mwenye mashine ya POS kwenye lango la mnada, na boma la zahanati lililosimama bila paa tangu uchaguzi uliopita. Hayo yote yako chini ya halmashauri, na halmashauri za Tanzania Bara ni 184. Ukiuliza nani anaziandika, kuna jibu ambalo kila aliyewahi kufanya kazi hii mkoani analijua na msomaji haambiwi: sehemu kubwa ya habari za halmashauri huandikwa kwa fedha za halmashauri yenyewe.

Inavyokwenda ni hivi. Gazeti au televisheni yenye makao yake Dar es Salaam huwa na waandishi mikoani. Wachache wameajiriwa. Wengi ni wa kujitegemea, wanalipwa kwa habari iliyotoka, si kwa habari waliyoihangaikia. Mhariri akiiweka kapuni, hakuna malipo. Kamera ni ya mwandishi, bando ni lake, bima hana. Sasa mpe habari iliyoko kwenye kata ya mbali, kilomita 70 za vumbi, bodaboda kwenda na kurudi, na pengine kulala gesti kwa sababu mtendaji alisema njoo kesho. Malipo ya habari hiyo yakija, na huja kwa kuchelewa, hayarudishi hata nauli.

Upande wa pili yuko afisa habari wa halmashauri. Anapiga simu jioni: kesho mkuu wa wilaya ana ziara, gari linaondoka saa mbili asubuhi. Usafiri upo, chakula kipo. Baada ya hotuba inapitishwa karatasi yenye safu nne: jina, chombo, namba ya simu, saini. Zamani ilikuwa bahasha kweli, ya kaki, ikitolewa nyuma ya ukumbi. Siku hizi msafara haujarudi mjini, ujumbe wa muamala umeshaingia kwenye simu. Wakiulizwa watasema ni nauli. Na ili mwandishi asihangaike, taarifa imeshaandikwa na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp pamoja na picha: DC ameweka jiwe la msingi, DC ameshika koleo, DC amemnyooshea kidole mkandarasi.

Hakuna anayemwambia mwandishi huyo asiandike habari ya boma lisilo na paa. Hana haja ya kuambiwa. Anajua akiliandika, simu ya ziara ijayo itapigwa kwa wenzake, naye atasikia msafara umeondoka akiwa bado anakunywa chai nyumbani. Kodi ya chumba inategemea ziara hizo. Gazeti halijafungiwa, hakuna kesi mahakamani, hakuna waziri aliyepiga simu kwa mhariri, na boma halijaandikwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaolifanya jambo hili kuwa la maadili peke yake. Kila baada ya muda huandaliwa semina ya kuwakumbusha waandishi wasipokee bahasha, na mlangoni washiriki wanasaini karatasi ya posho. (Siwacheki waandaaji. Wanajua bila posho ukumbi utakuwa mtupu.) Baraza la Habari Tanzania lina kanuni za maadili zinazoeleweka vizuri kabisa, na mwandishi wa mkoani ukimuuliza atakutajia. Akishamaliza kukutajia, mwenye nyumba bado anamdai.

Tunapenda pia kuwasingizia makanjanja. Wapo, na wengine ni kero kwelikweli: hana chombo, hana habari anayoandika, ila karatasi ya majina ikipita yeye ndiye wa kwanza. Lakini mkoani umbali kati ya kanjanja na mwakilishi wa gazeti kubwa mara nyingi ni kitambulisho tu. Mfuko unaowalipa wote wawili ni mmoja. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zimekuja na ithibati, na stashahada ikawa kiwango cha chini cha elimu. Sawa, elimu ni jambo jema. Mwenye stashahada naye anakula.

Na hatari ya kazi nayo inamwangukia huyohuyo. Daudi Mwangosi alikuwa mwakilishi wa Channel Ten mkoani Iringa na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa mkoa huo. Aliuawa Septemba 2, 2012 katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini kwenye shughuli ya Chadema ya kufungua tawi, katikati ya askari polisi. Miaka minne baadaye askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi huko Kibiti, akiripoti mauaji ya viongozi wa vijiji na askari katika wilaya hiyo, katika kipindi ambacho wengi wetu tulikuwa tunasoma habari za Kibiti bila kujua nani anatuletea. Alitoweka Novemba 21, 2017. Hao ni watu waliokuwa wakiishi kwenye maeneo waliyoyaandika, wakinunua mboga soko moja na wale waliowaandika. Mwandishi anayetoka Dar es Salaam akishamaliza kazi hupanda gari na kuondoka.

Mfano unaoniuma zaidi, hata hivyo, hauna damu. Una makablasha.

Kila mwaka, kabla Machi haijaisha, CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, humkabidhi Rais ripoti zake, na Aprili zinafika bungeni. Kwa wiki nzima magazeti yanawaka: mashirika ya umma yaliyopata hasara, miradi iliyochelewa, mabilioni yasiyo na maelezo. Ripoti ya serikali za mitaa huchukuliwa jumla zake tu, halmashauri kadhaa kwa pamoja hazikupeleka benki kiasi fulani, kisha inawekwa kabatini. Lakini kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Ikifika Juni au karibu na hapo, kila halmashauri hukaa kikao maalumu cha baraza la madiwani kujadili hoja za CAG, yaani kasoro alizozikuta kwenye ukaguzi, na mara nyingi mkuu wa mkoa huwa mezani. Ni kikao cha wazi. Yeyote anaweza kuingia akakaa.

Ukikaa utasikia hivi: kablasha linafunuliwa, mwenyekiti anataja namba ya hoja, mkurugenzi au mweka hazina anasema imejibiwa, inasubiri uhakiki wa mkaguzi. Hoja inayofuata. Imejibiwa, inasubiri uhakiki. Diwani mmoja anauliza mbona hoja hii ilikuwepo mwaka jana na mwaka juzi, anaambiwa muda ni mdogo. Kabla ya chakula cha mchana mkuu wa mkoa anasimama, anakemea kidogo, anapongeza zaidi. Kesho yake kichwa cha habari ni kimoja kutoka Kagera hadi Mtwara: RC aipongeza halmashauri kwa hati safi.

Hapo ndipo ninapokasirika. Hati safi maana yake ni kwamba hesabu zimeandaliwa kwa viwango vinavyotakiwa na zinaonyesha hali halisi ya fedha bila kasoro kubwa. Haina maana kwamba hakuna ushuru uliokusanywa kwa POS ukalala mfukoni mwa mtu. Halmashauri inaweza kuwa na hati safi na kurasa nyingi za hoja nyuma yake. Mwandishi aliyekuja na gari la halmashauri analijua hilo, au angelijua kama angepewa siku mbili za kusoma kablasha. Anaandika hati safi kwa sababu ndicho kilichomo kwenye taarifa ya WhatsApp.

Chukua mikopo ya asilimia 10. Sheria inazitaka halmashauri zitenge sehemu hiyo ya mapato ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wakaguzi waliandika mwaka baada ya mwaka kuhusu vikundi visivyorejesha na vikundi hewa, mpaka Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utaratibu mzima, ukaja kurudi 2024 na taratibu mpya. Kikundi hewa si siri ya kijeshi. Unapata orodha ya vikundi vilivyokopeshwa, unachagua kumi, unakwenda mtaani, unamuuliza mwenyekiti wa mtaa: hawa akina mama wa ushonaji unawafahamu? Cherehani ziko wapi? Ukinyimwa orodha, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 kukujibu. Ni kazi inayohitaji viatu na nauli, na haihitaji mtu wa kukuvujishia nyaraka usiku. Nani angemlipa mwandishi kwa siku hizo? Halmashauri hailipii habari ya namna hiyo. Gazeti nalo halilipi. Basi wa kuziona cherehani ambazo hazipo akabaki mkaguzi, anayekuja mara moja kwa mwaka.

Wapo watakaosema mitandao imeshamaliza tatizo. Imesaidia, sikatai. Ila angalieni kinachosambaa: kiongozi anamfokea mganga mfawidhi mbele ya wananchi, watu wanashangilia, kipande cha dakika mbili kinafika Muscat na Minneapolis kabla ya magharibi. Dawa ziliagizwa lini, fedha ziliingia lini, nani alikalia karatasi, hakuna anayejua, wala aliyepiga video hakutumwa kuuliza. Na mitandao yenyewe ina swichi. Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Watu wenye ndugu Mwanza, Mbeya na Arusha walibaki wakipiga simu za kawaida, wanaunganisha maneno ya shangazi na ya dereva wa lori. Kama kila wilaya ingekuwa na waandishi wawili wanaolipwa mshahara na kutambuliwa na watu wa pale, tungekuwa angalau na daftari lililoandikwa siku hiyohiyo na mtu mwenye jina. Tulikuwa na waandishi wa wilaya wangapi wa aina hiyo?

Wahariri nimewahi kuwasikia wakijitetea kwamba matangazo yamepungua, nakala haziuzwi, na Serikali, ambayo ndiyo mtangazaji mkubwa, inachelewa kulipa madeni. Yote ni kweli. Lakini chombo kinachopata fedha ya kupeleka watu sita na drone kwenye kampeni za urais kinaweza kupata fedha ya kumlipa mwandishi mmoja wa mkoa kiasi kisichobadilika kila mwezi, habari itoke isitoke. TMF, taasisi ya kusaidia uandishi wa habari, imekuwa ikitoa ruzuku kwa waandishi waende vijijini wakafuatilie jambo moja hadi mwisho, na tofauti unaiona kwenye habari zenyewe: zina majina ya vijiji, zina mtu aliyerudiwa mara ya pili kuulizwa. Ruzuku hiyo ikiisha, mwandishi anarudi kwenye gari la DC.

Hoja nyingine ya wahariri ni kwamba habari za halmashauri hazina wasomaji. Hii siikubali hata kidogo. Sikilizeni redio za jamii, Pangani FM au Micheweni FM, kipindi cha kupiga simu kikigusa maji au ushuru wa samaki. Fungueni makundi ya WhatsApp ya kata, mtu katuma sauti ya dakika nne analalamikia stendi, na chini yake kuna majibu ya watu waliokaa macho hadi saa sita usiku. Wasomaji wapo. Wanachokosa ni mtu wa kuwathibitishia kama yule wa kwenye sauti anasema kweli.

Mimi ningeanza na Juni. Gazeti moja lichague halmashauri kumi, lisizitangaze, liwape waandishi wake wa mikoani nauli, gesti na wiki moja ya kusoma hoja za CAG kabla ya kikao, kisha liwatume kwenye baraza la madiwani wakiwa wamefika kwa basi. Karatasi ya majina ikipita, waiache ipite. Mkurugenzi akisema hoja imejibiwa, waombe kuona jibu.